Shamba la Marturi na mahakama za Upper Hill

Machi 1076, katika mji mdogo wa Marturi nchini Italia, ambao siku hizi huitwa Poggibonsi, watawa wa monasteri ya Mtakatifu Mikaeli walimshtaki mtu mmoja wa Firenze aliyeitwa Sigizo. Kesi ilikuwa ya ardhi. Watawa walidai kwamba mashamba aliyoyashikilia yalikuwa ya monasteri yao, waliyopewa zamani na Hugo, mtawala wa Toscana. Sigizo alijitetea kwa hoja ambayo wakili yeyote wa Nairobi angeitambua papo hapo: yeye na baba yake walikuwa wameyashika mashamba hayo kwa zaidi ya miaka 40, kwa hiyo muda wa kudai ulikuwa umepita.

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Watawa wakajibu kwamba hawakuwa wamelala. Walikuwa wamelalamika mara nyingi mbele ya wakubwa wa nchi, ila hawakupata hakimu wa kuwasikiliza. Mashahidi wakaapa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ndipo Nordilus, aliyeketi kuamua kwa niaba ya Beatrice, mtawala wa Toscana wa wakati huo, akafanya jambo ambalo Ulaya Magharibi ilikuwa haijalisikia kwa karne kadhaa. Akategemea kitabu kiitwacho Digesta, mahali panaposema kwamba mtu aliyepoteza haki ya kudai kwa sababu hakukuwa na hakimu wa kumwendea arudishiwe haki hiyo. Sigizo akashindwa. Katika hati ya uamuzi, miongoni mwa waliohudhuria, limeandikwa jina la mtu aitwaye Pepo, na mbele ya jina lake cheo cha mwalimu wa sheria.

Shamba la Marturi lingekuwa limesahauliwa kama si kitabu hicho. Kaizari Justinian, aliyetawala Dola ya Roma ya Mashariki kutoka Konstantinopoli kati ya 527 na 565, aliagiza maandishi ya wanasheria wa kale yapitiwe, yachujwe na kukusanywa pamoja. Tume iliyoongozwa na Tribonian ilisoma vitabu karibu 2,000, na mwaka 533 ikatoa mkusanyo wa vitabu 50. Kwa hesabu ya Justinian mwenyewe, mistari milioni tatu ilipunguzwa ikabaki 150,000. Maneno yaliyowaokoa watawa ni ya Ulpian, mwanasheria wa karne ya tatu, naye alikuwa akimnukuu Labeo, aliyeishi zama za Kaizari Augustus. Labeo alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka elfu moja rai yake ilipomnyang'anya Sigizo mashamba.

Huku kwetu jijini Nairobi, kwenye kilima cha Upper Hill upande wa Community, kuna Mahakama za Milimani. Kila siku ya kazi mawakili hupanda pale na mafaili ya kesi za ardhi, na swali la Marturi huulizwa tena: mdai alikuwa wapi miaka yote hii? Sura ya 22 ya Sheria za Kenya humpa anayedai ardhi miaka 12. Ikipita, mlango hufungwa, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa mfano mdai alipokuwa bado mtoto au udanganyifu ulipomficha ukweli. Wanaoshughulika na kesi hizi wanajua jinsi mambo hayo mawili yanavyovutana. Aliyekaa kwenye ardhi kwa muda mrefu anahitaji utulivu, na aliyezuiwa kuifikia mahakama anahitaji kusikilizwa.

Wengi hudhani kwamba kanuni za sheria hushuka kutoka kwa wafalme na mabunge. Baadhi hushuka hivyo. Lakini sehemu kubwa ya kanuni zinazotawala mikataba, makampuni, ardhi na mito katika nchi zetu ilitengenezwa na walimu wasio na jeshi wala cheo cha kuamuru mtu. Walikaa na kitabu kikongwe, wakakisoma mstari kwa mstari, na wakakilazimisha kijibu maswali ambayo walioandika hawakuyawaza.

Digesta ilikuwa karibu ipotee. Baada ya mwaka 603 haitajwi tena Ulaya Magharibi hadi kesi ile ya Marturi. Nakala moja ya karne ya sita ilinusurika, ikatunzwa Pisa kama hazina ya mji, na watu wa Firenze walipouteka mji huo mwaka 1406 waliondoka nayo. Iko Firenze mpaka leo, katika maktaba ya Laurenziana.

Aliyeigeuza kuwa somo ni Irnerius, mwalimu wa Bologna aliyefundisha mwanzoni mwa karne ya 12. Kazi yake ilionekana ndogo. Aliandika maelezo mafupi kati ya mistari na pambizoni: neno hili lina maana hii, kifungu hiki kilinganishe na kile cha kitabu cha 12, hapa pana mgongano. Lakini kitabu chenye vifungu maelfu vilivyotoka kwa waandishi wa karne tofauti kina migongano mingi, na kila mgongano ulimlazimisha mwalimu kutafuta sababu. Pengine kifungu kimoja kilihusu mtu mwenye nia njema na kingine mdanganyifu. Pengine kimoja kilihusu nyumba na kingine shamba. Kila tofauti waliyoichora ilikuwa kanuni mpya, ingawa wao wenyewe waliapa kwamba walikuwa wakieleza tu ya zamani.

Odofredus, aliyefariki 1265, aliwatangazia wanafunzi wake utaratibu wa darasa. Angewapa kwanza muhtasari wa kila sehemu. Kisha angewaeleza visa vilivyomo, angesoma matini ili makosa ya mwandishi yasahihishwe, angerudia kwa kifupi, na mwisho angesuluhisha migongano. Wanafunzi walitoka pande zote za Ulaya, wengi wao watu wazima, na waliwalipa walimu wenyewe. Vitabu vilikuwa ghali mno, hivyo wenye maduka walivikodisha vipande vipande, mwanafunzi akanakili kipande kimoja, akakirudisha na kuchukua kinachofuata. Vacarius, Mwitaliano aliyevuka kwenda Uingereza katika karne ya 12, alitunga muhtasari maalumu kwa wanafunzi wasio na uwezo, nao ukaitwa kitabu cha maskini. Mfalme Stephen akampiga marufuku kufundisha. Marufuku hiyo haikulizima somo.

Kufikia katikati ya karne ya 13 maelezo ya pambizoni yalikuwa mengi kuliko kitabu chenyewe. Accursius aliyakusanya, akayapanga, akatoa mkusanyo wa maelezo karibu 97,000 uliozunguka kila ukurasa wa sheria za Justinian. Mahakimu wa Italia wakawa hawathubutu kuamua kitu ambacho Accursius hakukigusa. Nyumba yake Bologna ikawa sehemu ya jumba la serikali ya mji, na jumba hilo bado lina jina lake.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshautambua mwendo huu. Katika karne hiyohiyo, Imamu Nawawi wa Syria, aliyefariki 1277, aliandika Minhaj al-Talibin, muhtasari wa fiqhi ya Kishafii ambao mafakihi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar waliusoma kwa vizazi, matini katikati na sharhe juu ya sharhe. Makadhi walioamua mirathi na talaka pwani walilelewa katika elimu ya namna hiyo. Utawala wa kikoloni ulipotaka kujua sheria za Waislamu wa Afrika Mashariki, mahakama zake nazo zilikimbilia Minhaj.

Namna kanuni ilivyozaliwa inaonekana vizuri katika kisa cha walezi wa yatima. Mwaka 531 Justinian alitoa amri kuhusu mtoto mwenye walezi kadhaa wanaosimamia mali yake kwa pamoja. Mmoja asivunje ulezi huo peke yake, ikasema amri, kwa kuwa jambo linalowagusa wote lapaswa kukubaliwa na wote. Ni mstari wa kupita tu, ndani ya sheria ya familia. Wanasheria wa Kanisa wakauchomoa. Kwanza wakautumia kwa maaskofu na makasisi wao, halafu kwa mabaraza. Mwaka 1295 Edward I wa Uingereza akauandika katika barua za kuwaita maaskofu bungeni, na mwaka 1298 Papa Boniface VIII akautia katika orodha ya kanuni kuu za sheria ya Kanisa. Kutoka kwa walezi wa yatima mpaka bungeni, na hakuna bunge lililopitisha badiliko hilo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaposema katika Kifungu cha 10 kwamba ushirikishaji wa wananchi ni miongoni mwa maadili ya taifa, na katika Kifungu cha 118 kwamba Bunge lihakikishe umma unashiriki katika kazi zake, inaingia katika mjadala ambao wanazuoni hao waliuanza.

Maghorofa ya Upper Hill nayo yana deni kwao. Jumba la Britam, lenye urefu wa mita 200, na la UAP Old Mutual lililo karibu nalo, yalisimamishwa na makampuni, na kampuni ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ulpian alikwisha kusema kwamba deni la jumuiya si deni la mwanachama mmoja mmoja. Aliyeisukuma fikra hiyo mbele ni Sinibaldo Fieschi, aliyesomea sheria Bologna na kuwa Papa Innocent IV mwaka 1243. Aliulizwa kama mji au chama kizima kinaweza kutengwa na Kanisa. Akajibu kwamba haiwezekani, kwa sababu jumuiya ni mtu wa kufikirika tu na haina roho ya kuadhibiwa, na mwaka 1245, katika Mtaguso wa Lyon, adhabu hiyo ikakatazwa. Alikuwa akiwalinda wasio na hatia wasiadhibiwe kwa makosa ya viongozi wao. Karne zilizofuata zililitumia jibu lake kwa mambo mengine kabisa: mali ya kampuni, madeni yake, na uwezo wake wa kushtaki na kushtakiwa.

Bima pia ina historia ya aina hiyo. Mkataba wa Genoa wa mwaka 1347, unaohesabiwa miongoni mwa mikataba ya kale kabisa ya bima iliyobaki, umeandikwa kama mkopo usio na riba, kwa kuwa Papa Gregory IX alikuwa amelaani mikopo ya baharini yenye faida. Mchukua hatari alikiri kupokea fedha na kuahidi kuzirudisha, ila ahadi hiyo ingebatilika chombo kikifika salama. Waandishi wa mikataba wa Genoa walijua walichokuwa wakifanya.

Walimu hawa hawakuwa upande wa haki kila wakati, na mtu asiwapake mafuta. Mwaka 1158, katika uwanda wa Roncaglia kaskazini mwa Italia, Kaizari Frederick Barbarossa aliwaita madaktari wanne wa Bologna, wanafunzi wa Irnerius: Bulgarus, Martinus, Hugo na Jacobus. Alitaka wamwambie haki zake juu ya miji ya Lombardia, nao wakamwandalia orodha ndefu ya mapato na madaraka ambayo ni mali ya mtawala. Husimuliwa pia kwamba siku moja, akiwa amepanda farasi kati ya Bulgarus na Martinus, aliwauliza kama yeye ni bwana wa dunia. Bulgarus akasema kwamba si bwana kwa maana ya kumiliki, kwani mashamba na nyumba za watu ni za watu. Martinus akasema ndiyo. Kaizari aliposhuka, alimpa Martinus farasi yule.

Kisa hicho huenda kilikolezwa na wasimulizi, lakini swali lake lilifika Nairobi likiwa na madhara makubwa. Mwaka 1899 washauri wa kisheria wa serikali ya Uingereza walitoa rai kwamba katika himaya ya Afrika Mashariki dola inaweza kujitwalia ardhi iliyo tupu. Sheria za Ardhi ya Mfalme za 1902 na 1915 zikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua katika kesi ya shamba la Kikuyu kwamba haki zote za wenyeji katika ardhi hiyo zilikuwa zimekwisha, na kwamba waliobaki juu yake walikuwa wapangaji wa Mfalme, wakae kwa hiari yake. Ni jibu la Martinus, safari hii likiwa na polisi nyuma yake. Familia zilizoondolewa mashambani kwa msingi wa fikra hiyo ni nyingi, na baadhi ya kesi zinazofika Milimani leo zina mizizi katika majeraha hayo. Jibu la Bulgarus liliandikwa katika sheria za Kenya mwaka 2010. Kifungu cha 61 cha Katiba kinasema ardhi yote ya Kenya ni ya watu wa Kenya, kwa pamoja kama taifa, kama jamii na kama mtu mmoja mmoja.

Kwa kawaida husimuliwa kwamba sheria ya Kirumi ilifika Afrika Mashariki na wakoloni. Kwa Kenya tarehe yenyewe inajulikana. Sheria ya Mahakama ya 1967 bado inaelekeza majaji kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza na kwenye sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Kwa Kongo ilipita Ubelgiji. Amri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba ilifuata nyayo za sheria ya Napoleon ya 1804, na wakili wa Goma au Bukavu bado anaifungua anapodai fidia.

Lakini sheria ya Kirumi ilikuwa imeshafika kabla ya wakoloni, kwa njia nyingine. Barabara inayotoka katikati ya jiji la Nairobi na kupanda kuelekea Community imepewa jina la Haile Selassie, na katika dola aliyoirithi mfalme huyo, kanuni za Justinian zilikuwa zimesomwa kwa karne kadhaa katika lugha ya Giizi.

Kiungo cha kwanza kilikuwa Cairo. Mwaka 1238 Kanisa la Kikopti lilikuwa katika mgogoro mkali. Patriaki Cyril III, anayejulikana kama Ibn Laqlaq, alilaumiwa kwa kuuza vyeo vya kanisa, na sinodi ikakaa kumdhibiti. Katika hekaheka hiyo msomi al-Safi ibn al-Assal, wa familia maarufu ya waandishi wa Kikopti, alitunga kwa Kiarabu mkusanyo wa sheria wenye sura 51. Sura 22 za mwanzo zinahusu kanisa. Zilizobaki zinahusu maisha ya kawaida: ndoa, mkopo, rehani, uuzaji, wosia, ushahidi, adhabu.

Ibn al-Assal alizitoa wapi sheria za kuuza na kukopa, ikiwa Injili haina? Alizichukua kwenye vitabu vilivyoitwa kanuni za wafalme, yaani tafsiri za Kiarabu za sheria za Bizanti. Muhimu kati yake ni Procheiros Nomos, kitabu cha mkono kilichotolewa chini ya Kaizari Basil I katika karne ya tisa kwa kufupisha sheria za Justinian. Hakuishia hapo. Aliishi Cairo ya Kiislamu, na wataalamu wamebaini kwamba mahali kadhaa alifuata al-Tanbih, kitabu cha fiqhi ya Kishafii cha Abu Ishaq al-Shirazi aliyefariki 1083. Mkristo wa Misri aliitazama sheria ya Roma, akaona pengo, akalijaza kwa sheria ya madhehebu yaleyale yanayofuatwa Lamu na Unguja. Alifanya kazi ileile ya Bologna, katika miaka ileile ya Accursius, na hakuna dalili kwamba mmoja aliwahi kumsikia mwenzake.

Simulizi za Ethiopia zinasema kwamba Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala 1434 hadi 1468, ndiye aliyetaka kitabu hicho, na kwamba kilitafsiriwa kwa Giizi na Petros Abda Sayd. Kikaitwa Fetha Nagast, Sheria ya Wafalme. Tafsiri ina mahali pagumu na makosa, kwa hiyo walimu wa kanisa walikifundisha kwa mdomo, wakieleza Giizi kwa Kiamhari, mwanafunzi akikariri matini na maelezo pamoja. Ili kukipa heshima, dibaji yake ilikinasibisha na mababa 318 waliokutana Nikea mwaka 325. Wanafunzi wa Bologna walimtegemea Justinian, na wa Gondar, Ethiopia, wakawategemea mababa wa Nikea. Katika nchi zote mbili mwalimu alizungumza kwa sauti ya mkubwa zaidi yake.

Urithi huo nao ulikuwa na upande wa giza. Sura ya utumwa katika Fetha Nagast inakiri kwamba kwa sheria ya maumbile watu wote ni huru, kisha inasema vita ndiyo iliyowafanya wengine watumwa, na inaendelea kuweka kanuni za kuwamiliki. Ni fikra iliyomo katika Institutiones, kitabu cha wanafunzi cha Justinian. Kukiri uhuru wa watu wote katika sentensi moja na kuufuta katika inayofuata ni aibu ya wanasheria wa Roma, na waliowarithi waliibeba bila kuitua.

Kitabu hicho kilitawala mahakama za wafalme wa Ethiopia hadi karne ya 20. Sheria ya adhabu ya 1930 ilikitegemea. Haile Selassie alipotoa Sheria ya Madai ya 1960, iliyoandikwa na profesa Mfaransa René David, alikitaja katika dibaji kama chimbuko. David alikuwa amelelewa katika sheria ya Ufaransa, iliyotoka kwa walimu wa zama za kati. Njia mbili zilizoachana baada ya Justinian, moja ya Bologna na nyingine ya Cairo, zikakutana Addis Ababa.

Imebaki kanuni ya maji. Institutiones inasema kwamba kwa sheria ya maumbile hewa, maji yatiririkayo, bahari na fukwe zake ni vya watu wote. Azo, mwalimu wa Accursius, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake kikuu. Kitabu hicho kilikuwa na heshima kiasi kwamba Waitaliano walisema asiye na Azo asiende mahakamani. Nakala zilifika Uingereza. Huko kitabu kikubwa cha sheria za Kiingereza kinachobeba jina la Bracton, kasisi na jaji wa mfalme aliyefariki 1268, kilimtumia Azo kurasa kwa kurasa, na maneno ya hewa, maji na bahari yakaingia ndani yake. Mwaka 1895 mwanahistoria Maitland alichapisha vifungu vya Bracton na Azo sambamba, na deni likaonekana wazi.

Bartolus wa Sassoferrato, aliyeishi 1313 hadi 1357 na ambaye hakuna mwanasheria wa zama zake aliyemfikia, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1355, akiwa mapumzikoni karibu na Perugia, aliutazama mto Tiber na kuanza kujiuliza. Mto ukihama, udongo uliouacha ni wa nani? Kisiwa kikiibuka katikati, kigawanywe vipi kati ya wenye mashamba ya kandokando? Anaeleza kwamba alitaka kuliacha jambo hilo, lakini ndotoni akajiwa na mtu aliyemletea kalamu, rula na bikari. Akamtafuta Ndugu Guido wa Perugia, mtawa aliyemfundisha jiometria, na kitabu chake cha mito kikawa na michoro ya mistari na duara. Warumi walikuwa wamesema kisiwa kigawanywe kwa kadiri ya ukaribu. Namna ya kuupima ukaribu huo mto unapopinda ni kazi ya Bartolus.

Kanuni ya maji ya wote ililala kwa muda mrefu, ikiamshwa hapa na pale na mahakama za Marekani. Mwaka 1970 profesa Joseph Sax wa Michigan aliijenga upya: mali ya aina hiyo serikali imekabidhiwa kama amana kwa ajili ya umma, na wananchi wanaweza kuidai mahakamani. Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India iliitumia katika kesi ya hoteli iliyotaka kuugeuza mkondo wa mto Beas ili ijilinde na mafuriko.

Machi 2006 ikafika Nairobi. Wenye viwanja wa mji wa Kiserian walikuwa wameshtakiwa kwa kumwaga maji machafu, na shauri likafika Mahakama Kuu mbele ya majaji watatu, Nyamu, Ibrahim na Emukule, kwa jina la Waweru dhidi ya Jamhuri. Lingeweza kubaki shauri la haki za washtakiwa peke yake. Majaji waliutazama mto na watu wanaoishi chini yake. Wakasema haki ya kuishi, ambayo Katiba ya zamani iliilinda katika kifungu cha 71, inabeba ndani yake mazingira safi, na kwamba serikali na idara zake zimeshika ardhi, misitu, maeneo oevu na mikondo ya maji kama amana ya umma. Ni hukumu ya kishujaa, iliyotolewa miaka minne kabla ya Katiba mpya, wakati Katiba haikuwa na kifungu cha mazingira cha kuegemea.

Sasa kipo. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiwekea serikali wajibu juu ya mazingira, na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira safi inapovunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au madhara. Mkazi wa Nairobi anayeona bomba la maji taka likielekezwa mtoni hahitaji kuwa na shamba ukingoni ndipo alalamike. Mahakama ya Ardhi na Mazingira, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huketi Milimani kusikiliza mashauri ya aina hiyo. Aende.